Kati ya Magharibi na Isha

Mwaka ule tulipanda juu ya nyumba kutafuta mwezi, tukaona kitu kingine.

Ilikuwa 29 Shaaban. Kwetu Malindi siku hiyo haihitaji kutangazwa. Baada tu ya Magharibi utaona mapaa ya zege yamejaa watu, wengine wamesimama uwanjani, nyuso zote zimeelekea bara, kule jua lilikozama. Watoto hutangulizwa mbele kwa sababu ya macho yao. Kila mwaka kuna mtoto anayeuona mwezi kabla haujaandama, na kila mwaka kuna mtu mzima wa kumkemea.

Safari hiyo alikuwa mtoto wa jirani. "Ule! Ule kule!" Kidole chake kilielekea kusini, mahali ambapo mwezi mwandamo hauwezi kukaa hata ungepotea njia. Mkemeaji alikwisha kufungua mdomo. Lakini kulikuwa na kitu kweli: nuru nyeupe, imetulia, kubwa kuliko nyota yoyote, inapanda kutoka juu ya minazi kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Ikafika utosini inang'aa kama Zuhura, ikatupita kimya kimya, ikateremka upande wa kaskazini. Kwa dakika zile hakuna aliyekumbuka kutazama magharibi.

Mjomba wangu aliifuata kwa macho, kiganja juu ya nyusi kama anayetafuta boya. Ni mvuvi wa Ngomeni aliyeachishwa bahari na magoti yake, na enzi zake hakuna nyota iliyochomoza asiijue jina. Kwa Kilimia peke yake alikuwa akikuambia lini mvua, lini jua. Ile hakuijua.

"Huo si mwezi," akasema mwishowe. "Mwezi haukimbii."

Mwezi haukuonekana usiku ule. Shaaban ikatimia 30, tukafunga siku iliyofuata. Mimi nikabaki na ile nuru.

Haikuwa siri, bila shaka. Ukiuliza kwenye simu unajibiwa mara moja: Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kina urefu wa mita 109 na uzito wa tani 420 hivi, kipande chake cha kwanza kilirushwa Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kukosa watu ndani. Mara nyingi huwa ni watu 7. Kinakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa na kuizunguka dunia nzima kwa dakika 92 au 93.

Namba hizo nilizisoma zikanipita. Kilichoniingia akilini ni pale nilipochukua ramani nikaichora njia yake. Kikija kwetu kutoka kusini, unapokiona mara ya kwanza kinachungulia juu ya minazi, chenyewe kiko juu ya Malawi. Kikiwa kimefika nusu ya kupanda, kiko juu ya Morogoro au karibu na hapo. Dakika moja na ushee baadaye kiko juu ya kichwa chako Malindi. Na kinapozama kule kaskazini, watu wa Somalia ya kati ndio wanaokitazama utosini mwao. Malawi hadi Somalia kwa dakika sita! Nilipomsimulia Mjomba alicheka kwa uchungu kidogo. Yeye Pangani hadi Malindi, kusi likivuma vizuri, alikuwa akiihesabu siku na usiku wake.

Basi nikaanza kukiwinda, na nikaanza vibaya. Nilidhani giza likikolea ndipo vitu vya mbinguni huonekana zaidi, kwa hiyo nikawa natoka saa nne usiku na kiti changu cha plastiki. Niliona nyota nyingi, vimondo viwili na mbu wasio na idadi. Kituo sikukiona hata mara moja. Wiki nzima. Mke wangu aliniuliza kwa upole kama kile kitu nimekiagiza.

Kosa langu lilikuwa kutokujua kwamba kituo hakina taa ya kutuonyesha. Tunachokiona ni jua. Mabawa yake ya umeme wa jua na mabati yake yanapigwa na mwanga, mwanga huo unatuangukia sisi. Ili ukione, sharti wewe uwe gizani na chenyewe kiwe bado juani. Anayekaa pwani ameshaona mfano wake maelfu ya mara: jua likizama, chini panaingia giza kwanza, na vilele vya minazi hubaki na wekundu kwa muda. Mnazi mrefu huliaga jua baada ya mnazi mfupi. Kituo ni mnazi wa kilomita 400, karibu sawa na Malindi hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka, ukiusimamisha wima.

Ukipiga hesabu, kitu kilicho kilomita 400 juu ya kichwa chako hulipoteza jua pale linapokuwa limeshuka nyuzi 20 hivi chini ya upeo wa macho. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama wima, halina ule uvivu wa kulalia upande, nyuzi 15 kila saa. Kwa hiyo tuna saa moja na robo, ukizidisha saa moja na dakika 20, tangu jua kuzama. Baada ya hapo kituo kinaweza kukupita utosini usiku kucha usikione, kwa sababu nacho kimo gizani kama wewe.

Sasa angalia jambo hili, ambalo lilinifanya niweke kalamu chini. Ratiba nyingi za sala huhesabu Isha kuwa imeingia jua likifika nyuzi 17 au 18 chini ya upeo, wekundu ulipokwisha kutoka mbinguni. Nyuzi 18 na nyuzi 20! Tofauti ni dakika chache tu. Yaani muda wa kukiona kituo kikipita juu ya Malindi ni ule ule muda ulio kati ya Magharibi na Isha. Na upande wa pili wa usiku ni vivyo hivyo: kuanzia karibu na adhana ya alfajiri mpaka mbingu zinapokuwa nyeupe mno. Nilikuwa nahangaika na programu za simu na majedwali, kumbe muadhini ananitangazia dirisha linafunguliwa lini na linafungwa lini.

Tangu nijue hilo sijatoka tena saa nne.

Kwa wanaotaka kujaribu, hayahitajiki mengi. Ndege huwa na taa nyekundu na kijani na hupepesa. Kituo hakipepesi, ni nuru moja imetulia. Kimondo hukata mbingu kwa kufumba na kufumbua. Kituo huchukua dakika nne hadi sita. Hakitoki mashariki kwenda magharibi hata siku moja, na karibu setilaiti zote ni hivyo, kwa kuwa roketi hurushwa kufuata mzunguko wa dunia ili zipate msukumo wa bure. Huonekana jioni kadhaa zinazokaribiana, kisha hupotea wiki kadhaa, maana njia yake husogea kila siku ukilinganisha na jua. Kipo na cha Wachina, Tiangong, ambacho sehemu yake ya kwanza ilirushwa Aprili 2021. Ni kidogo zaidi na mwanga wake ni hafifu kidogo, lakini nacho kinaonekana kwa macho matupu.

Na sisi wa ikweta tuna bahati ndogo kuliko wengine. Binti wa mama mdogo anaishi London. Juni moja aliniandikia kwamba amekiona saa saba usiku, na tena saa nane na nusu. Nilimwambia ameona ndege. Tukabishana kidugu. Kumbe kule mwezi Juni jua halizami kwa kina. Hata katikati ya usiku liko nyuzi 15 tu chini ya upeo, kwa hiyo kituo huwa juani usiku kucha, na kila baada ya saa moja na nusu kinapita tena. Halafu njia yake inafika hadi latitudo ya 51.6, sawa kabisa na pale London, hivyo kinapogeuza kinapita pale pale mara kadhaa mfululizo. Kwetu kikishapita kimepita. Mzunguko unaofuata dunia imeshageuka, kinapita kilomita 2,500 magharibi, huko Congo. Nilimwomba radhi. Bado hunikumbusha.

Mjomba alilipokea hili la sala kwa namna yake. Alinyamaza muda, kisha akauliza: "Na wale walio ndani, Magharibi yao ni saa ngapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Wao jua huwachea na kuwachwea mara 16 kwa siku. Na halikuwa swali la barazani tu. Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alirushwa kwenda huko, na kabla hajaondoka wanazuoni wa nchi yake walikaa wakaandika mwongozo: sala ni tano kwa saa 24, na nyakati zifuate mahali aliporushwa, yaani Baikonur kule Kazakhstan. Mwaka 2023 Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu naye alikuwa huko mwezi wa Ramadhani. Mjomba alisikiliza yote. "Afadhali," akasema. "Magharibi 16, futari ingekwisha."

Ilikuwa siku hiyo ndipo aliponiambia habari ambayo miaka yote hakuwahi kuona haja ya kuisema. "Vitu hivi vilianzia kwetu. Mimi nimeviona vikiondoka."

Nilijua kuhusu San Marco kama kila mtu wa hapa anavyojua, yaani sikujua kitu. Ukiwa Ngomeni unaziona zile jukwaa za chuma zimesimama baharini kwa miguu yake, na nchi kavu yapo masinia makubwa meupe ya kunasia mawasiliano, yanayoangaliwa na Waitalia kwa mkataba na serikali yetu. Wavuvi hulitumia jukwaa kama alama. Kwamba palikuwa mahali pa kurushia roketi nilikuwa nimesikia kama mtu anavyosikia kwamba babu yake aliwahi kuwa na ng'ombe wengi.

Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilikwenda angani kutoka pale baharini kwetu, kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Waitalia walipachagua kwa sababu ile ile inayotunyima kukiona kituo usiku kucha: ikweta. Hapa ardhi yenyewe inakimbia mashariki karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoanzia hapa inaanza safari na kasi hiyo mfukoni.

Mjomba alikuwa kijana wa miaka 15 ile ya Desemba 1970. Anakumbuka wavuvi kuambiwa wasisogee. Anakumbuka mwali, kisha kimya, kisha mngurumo uliofika umechelewa kama ngurumo ya radi inavyochelewa. Mamake aliwakusanya watoto ndani. Moshi ulibaki mbinguni umepindapinda mpaka upepo ulipouchukua. Halafu watu wakarudi kutengeneza nyavu.

Kile kilichokuwa juu ya roketi ile kilipewa jina la Uhuru. Kilirushwa tarehe 12 Desemba, siku Kenya inatimiza miaka 7 tangu kujitawala, na Marjorie Townsend, mama wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyeusimamia mradi, alikichagulia jina hilo kama shukrani kwa ukarimu wa Wakenya. Kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi na ndicho chombo cha kwanza duniani kilichoundwa kwa kazi moja tu: kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie huku chini. Kwa miaka miwili na ushee kiliorodhesha vyanzo 339. Kupitia kwake wataalamu walikitazama upya kitu kiitwacho Cygnus X-1, kikawa cha mwanzo kuchukuliwa kwa uzito kuwa ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Yote hayo yamo kwenye vitabu vya wenzetu. Linalonikaa kooni ni jambo dogo zaidi. Njia ya Uhuru iliinama nyuzi 3 tu kutoka ikweta. Hakikuwahi kupita juu ya Roma wala Washington. Kilipita juu ya Congo, Rwanda, Kenya, juu ya bahari yetu, kisha Indonesia, kisha Amazon, kikarudi. Malindi iko nyuzi 3 kusini. Kila baada ya dakika 103 hivi kilikuwa kikipita hapa, mara 14 hivi kwa siku, mpaka kiliporudi hewani kikaungua Aprili 1979. Zaidi ya miaka 8 kitu chenye jina la Kiswahili, kilichoondokea Ngomeni, kilipita karibu na utosi wa Mjomba wangu akiwa baharini usiku anatega nyavu, macho juu, anazisoma nyota zote. Hakuna aliyemwambia.

Najua, kilikuwa kidogo na kwa macho matupu pengine kisingeonekana. Hata hivyo angalau angejua aelekeze uso wapi.

Siku hizi mambo yamegeuka kwa namna inayochekesha. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza ya Kenya, iliachiliwa kutoka kwenye kituo hicho hicho tunachokitazama, tarehe 11 Mei 2018. Taifa-1 ikafuata Aprili 2023, ikarushwa kutoka California. Zamani roketi za watu ziliondokea kwetu. Sasa vya kwetu vinaondokea kwa watu.

Na mbingu zimejaa. Jioni moja kundi letu la WhatsApp la mtaa liliwaka moto: mstari wa nuru nyingi, zimefuatana kama shanga, zinapita juu ya Malindi. Kuna aliyeandika kwamba ni alama za Kiyama, na kuna aliyeuliza kama ni za Al-Shabaab. Zilikuwa Starlink, setilaiti za intaneti. Hurushwa nyingi kwa pamoja, tangu zile 60 za Mei 2019, na siku za mwanzo husafiri kwa msururu kabla hazijatawanyika na kupanda juu zaidi. Nikaeleza. Yule wa Kiyama alinijibu kwamba maelezo yangu hayapingani na yake.

Wapo pia wanaouliza vikishuka inakuwaje, nao hawaulizi bure. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni sehemu ya roketi, pete ya kutenganishia vipande, ambayo kwa kawaida hutakiwa iungue hewani au iangukie baharini. Hakuna aliyeumia. Mjomba aliitazama picha yake kwenye simu yangu kwa makini ya fundi mashua. "Hii ingefaa nanga," akasema. Kituo chenyewe NASA inapanga kukishusha mwanzoni mwa mwongo ujao, kwa kukielekeza sehemu ya Bahari ya Pasifiki iliyo mbali na kila mtu.

Kwa hiyo tunakitazama tukijua ni cha muda. Mjomba ameshakuwa mkali wa ratiba kunishinda. Hunipigia simu Alasiri: "Mpwa wangu, leo vipi?" Nikimwambia kipo, hupanda ngazi ya paa goti kwa goti, akakataa kushikwa mkono, akaketi kwenye kile kiti changu cha plastiki.

Mara ya mwisho ilikuwa juzi. Kilichelewa, ikabidi kipite dakika chache tu kabla ya Isha. Hizo ndizo nzuri kuliko zote, kwa sababu ya mwisho wake. Kivuli cha dunia huinuka kutoka mashariki, kutoka baharini, na kituo kinakikimbilia chenyewe. Kilitoka kusini kimefifia, kikapanda, kikang'aa, kikapita utosini. Kikaanza kuteremka kaskazini kuelekea Ngomeni, na hapo, kikiwa bado juu, rangi ikabadilika. Ikawa ya manjano, ikawa ya shaba, kama kaa la moto linalofunikwa na jivu. Ndani mle watu saba walikuwa wanaingia Magharibi yao, moja kati ya zile 16. Kwa sekunde kadhaa ilikuwa doa tu. Kisha hapakuwa na kitu.

Mara ya kwanza alipoona hivyo Mjomba alidhani kimeanguka. Sasa hashtuki. Alikuwa amenyoosha kidole tangu kilipokuwa juu ya vichwa vyetu, na kilipozimika hakukishusha kidole. Aliendelea kukisogeza gizani kwa mwendo ule ule, polepole, akipita nyota moja baada ya nyingine, mpaka kikagusa upeo pale ziliko taa za Ngomeni.

"Kimefika Somalia," akasema. Muadhini akaanza. Safari hii aliniruhusu nimshike mkono kwenye ngazi.